Nimekaa na Ryzen 9 9950X3D miezi saba, harusi mchana gemu usiku

Kilichonifanya ninunue prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD ya bei mbaya namna hii ni flashi. Sio gemu, gemu ilikuja baadae kama kisingizio. Mimi napiga na kuediti video za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Dar, na wateja wangu wengi mpaka leo wanataka mzigo wao kwenye flashi, anaichomeka nyuma ya tivii ya sebuleni, ukoo mzima umekaa, mama mkwe kiti cha mbele. Sasa ili nisihangaike na tivii ya nani inasoma nini flashi zote naziformati FAT32, ule mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, hata flashi yenyewe iwe ya GB 64. Kwahiyo filamu yangu ya saa moja na dakika ishirini, 4K, lazima ienee kwenye GB 4, piga hesabu, unabaki na megabiti sita na nusu hivi kwa sekunde. Ni kidogo aisee. Kwa kiwango hicho ukienkodi, yaani kuibana video iwe faili dogo, kwa kadi ya michoro, kwa kile kienkoda chake cha Nvidia kinachoitwa NVENC, dakika kumi na kitu umemaliza, ila njoo uangalie pale kwenye kuingia ukumbini, taa zinazunguka, moshi umejaa, watu wanarusha vikaratasi, bibi harusi anageuka viboksi viboksi. Nikipitisha kwenye prosesa kwa x265, programu ya kubana video, kwa mpangilio wa taratibu (preset ya slow) na kuipitia video mara mbili, sura inabaki sura na shela inabaki shela. Unacholipa ni muda.

Mashine yangu ya zamani ilikuwa na Ryzen 5 3600, kori sita (kori ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa), prosesa ya 2019, imenilipia kodi miaka mingi siwezi kuisema vibaya. Lakini filamu moja naiwasha saa tano usiku naenda kulala, saa moja asubuhi ndo inamaliza, na hapo omba umeme usikatike. Msimu wa harusi ukiwa na kazi nne zinasubiri unakuwa mtu wa kuchungulia asilimia kwenye skrini kama unasubiri matokeo ya form four.

Nikaanza kutafuta. Macho yangu yalikuwa kwenye nne: Core Ultra 9 285K ya Intel, Ryzen 9 9950X ya kawaida, 9950X3D, na Ryzen 7 9800X3D. Core i9-14900K niliifuta mapema. Ni prosesa kali kweli, inafika GHz 6, ila kizazi cha 13 na cha 14 cha Intel kilikuwa na lile tatizo la volti lililokuwa linazichakaza prosesa taratibu mpaka zinaanza kukreshi, 2024 Intel wakatoa marekebisho ya kuingia kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, na wakaongeza waranti miaka miwili. Walishughulikia, sawa, ila mimi nanunua kitu cha kuletewa na mtu kwenye begi, hiyo waranti nitaikimbiza wapi.

Kabla sijafika mbali niseme hiyo X3D ni nini maana watu wanadhani ni namba ya madoido tu. Prosesa inapofanya kazi inahitaji data, na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa mwendo wa prosesa ni mbali. Mfikirie mama ntilie, chumvi, mafuta na pilipili viko mkononi mwake, anapika bila kusimama. Viungo vikiisha inabidi amtume mtoto dukani, jiko linawaka, yeye kakaa tu. Kashe ndo hiyo meza ya viungo, na AMD kwenye X3D wameiongeza meza kwa kubandika kashe ya ziada kwenye kipande cha prosesa. Gemu inapenda sana hiyo kwasababu inaokota vitu vidogo vidogo huku na kule bila mpangilio. Kuenkodi video hakujali kivile, kwenyewe kunataka kori nyingi na mwendo.

9950X3D ina kori 16 thredi 32 (kila kori inashika kazi mbili kwa mpigo), zimegawanywa vipande viwili vya kori nane nane. Kimoja kina kashe kubwa, MB 96 za L3, cha pili kina MB 32 za kawaida. Na kwenye kizazi hiki kashe ya ziada wameihamishia chini ya kori badala ya juu, kwahiyo joto linatoka moja kwa moja kwenda kwenye kipozeo, ndo maana kipande chenye kashe hakibanwi mwendo kama kwenye zile X3D za mwanzo, na prosesa inafika mpaka GHz 5.7. Ilitoka Machi 2025 kwa dola 699. 9950X ilitoka kwa 649, 285K kwa 589, 9800X3D kwa 479. Hizo ni bei za Marekani siku ya uzinduzi, hapa kwetu usiende dukani na hiyo namba mdomoni utachekwa.

Yangu kaniletea shemeji toka Dubai. Vingine nikaokoteza Kariakoo, na hapo ndo sinema ilianza. Nilichukua mazabodi ya B650, lile bao kubwa la kuchomekea kila kitu, nikamuuliza kijana wa dukani BIOS yake imeapdetiwa kubeba Ryzen 9000, familia ya prosesa yangu, akaniambia "kaka hiyo ishapitishwa, we chomeka tu." Nikafika nyumbani nikachomeka, nikabonyeza pawa, feni zinazunguka, skrini giza, kale kataa kadogo ka DRAM (yaani RAM) kanawaka njano. Nikasubiri dakika mbili. Nikazima nikawasha. Nikatoa RAM nikarudisha. Jasho linanitoka nawaza dola za watu. Kumbe vitu viwili kwa pamoja: BIOS ilikuwa ya zamani, hakuna kilichopitishwa wala nini, na hata baada ya kuiapdeti, mashine ya AM5 (soketi ya prosesa hizi) ikiwashwa mara ya kwanza inakaa inajifunza RAM, inaweza kukuachia skrini nyeusi dakika kadhaa bila kusema chochote. Dawa ya BIOS ilikuwa kale kakitufe ka flashback nyuma ya mazabodi, unaweka faili kwenye flashi, unabonyeza, kataa kanapepesa, unaenda kunywa chai. Na hiyo flashi lazima iwe FAT32. Nilicheka peke yangu.

Kingine, ndani ya boksi hamna feni. Hii ni kosa langu sikusoma, nimezoea 3600 ilikuja na feni yake. Nikarudi tena Kariakoo siku ya pili nikachukua Thermalright Peerless Assassin 120 SE, ile ya minara miwili, bei ya kawaida kabisa. Watu wataniambia weka ya maji ya mm 360. Mimi ofisi yangu ni chumba, AC nawasha mteja akija, sitaki pampu ya kuanza kuifikiria.

Na RAM nunua vijiti viwili, usinunue vinne. Hili wengi hawalijui, wanaona nafasi nne wanataka zijae. Prosesa hizi ukiweka vijiti viwili AMD wanakupa kasi rasmi ya 5600, ukijaza vinne kasi rasmi inashuka mpaka 3600. Mimi nina viwili vya GB 32, DDR5-6000, nikawasha EXPO, mpangilio wa kuipandisha RAM juu ya kasi rasmi mpaka hiyo 6000, nikaachana nayo. Nashukuru nilinunua kabla ya mwisho wa 2025 maana bei za RAM zilivyopaa baada ya hapo sijui ningefanyaje.

Haya, kazi. Ile filamu ya kulala nayo usiku mzima sasa inachukua masaa mawili na dakika kumi. Naiwasha nikianza kuediti albamu, nikimaliza nayo imemaliza. Ila kuna kitu nilikutana nacho, kazi za 1080p hazikuwa na haraka niliyotegemea, nikafungua Task Manager nakuta prosesa iko nusu tu. x265 kwenye picha ndogo haiwezi kuzigawia kori zote 16 kazi ya kutosha, inaishiwa vipande vya kugawa. Suluhisho ni kuruhusu HandBrake, programu ninayoenkodia, iende kazi mbili kwa mpigo, iko kwenye mipangilio, hapo ndo unasikia feni zinaamka.

Joto, chumba kikiwa nyuzi 31 na kori zote ziko kazini inagota 88, mwisho wake kwa AMD wenyewe ni 95. Inakula karibu wati 200 muda huo. Mke wangu akaniuliza LUKU itakuwaje, swali zuri, nikakaa chini nikapiga hesabu ya prosesa peke yake. Ile 3600 ilikuwa inavuta wati 88 kwa masaa nane, hiyo ni kama unit 0.7. Hii wati 200 kwa masaa mawili na dakika kumi, unit 0.43. Kwa shilingi 356 kwa unit ni kama 250 zamani na 155 sasa. Yaani dude kubwa linakula kidogo kwasababu linamaliza mapema na kulala. Hakuamini, bado haamini. Mchana wa joto kali naweka Eco Mode, mpangilio wa kupunguza ulaji wa umeme, ya wati 105 kwenye BIOS, filamu inaongezeka robo saa hivi na chumba kinakalika. Kingine ambacho huo muda mfupi umesaidia ni UPS, betri ya akiba. UPS yangu haiwezi kubeba masaa nane, hata umwambie nini, lakini umeme ukikatika kazi imebaki dakika tano, inafika.

Gemu sasa. Nilianza vibaya. Nilihamisha SSD ya zamani na Windows yake ile ile, uvivu tu, Counter-Strike 2 ikawa inakwama kwama kila ukigeuka kona, nikaanza kuwaza nimetupa hela. Tatizo lilikuwa Windows haijui kipande gani kina kashe, gemu ilikuwa inaruka kutoka kipande hiki kwenda kile, na kila ikiruka meza ya viungo inabaki kule. Nikapiga Windows upya, nikaweka draiva za chipset za AMD, nikaiapdeti Xbox Game Bar na kuhakikisha Game Mode iko wazi, basi. Game Bar ndo inaitambua gemu na kukilaza kipande kisicho na kashe. Ukiwa na tabia ya kufuta programu za Windows unazoziona takataka, hiyo usiifute.

Baada ya hapo hakuna cha kusimulia sana, gemu inateleza. Kadi yangu ni RTX 4070 na skrini ya 1440p, Microsoft Flight Simulator ndo nimeona tofauti kubwa kuliko zote, kushuka uwanja wa ndege wa JNIA ilikuwa inachechemea sasa inashuka kama inavyotakiwa. Ila kwenye Cyberpunk 2077 nikiweka kila kitu juu, kadi ndo inayoniwekea ukomo, prosesa imekaa inasubiri. Kama unacheza 4K na kadi ya kawaida, hela ya prosesa peleka kwenye kadi.

Raha yenyewe ni kufanya vyote kwa pamoja. Natumia Process Lasso, programu ya kuipangia kila programu kori zake, HandBrake nimeifungia kipande cha pili, thredi 16 mpaka 31, gemu inakaa 0 mpaka 15 kwenye kashe. Filamu ya mteja inaenda kwa karibu nusu mwendo, mimi napigwa bao na vijana wa miaka 15 kwenye Counter-Strike. Kwenye prosesa ya kori nane huwezi, mmoja atalia.

Ndo maana mtu akiniuliza anunue hii namuuliza kwanza, unaenkodi kwa kutumia nini? Kama ni NVENC, na video zako zinaenda YouTube na WhatsApp, kori 16 zitakaa zinapunga upepo, chukua 9800X3D, kwenye gemu ziko bega kwa bega na chenji inabaki. Kama huchezi gemu kabisa chukua 9950X, kwenye kuenkodi hutaona tofauti ya maana. Na kama unapiga na kamera za Sony zile zinazorekodi H.265 4:2:2 10-biti, video yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, na kadi yako ni ya RTX 40 kurudi nyuma kama yangu, taimlaini itakusumbua maana kadi hizo hazifungui 4:2:2, za RTX 50 ndo zimeanza. Hapo 285K ina faida ya kweli, Quick Sync yake, sehemu ya kufungua video iliyomo ndani ya prosesa, inazifungua kama maji, kwenye gemu ndo inaachwa. Rafiki yangu mmoja tunayegawana kazi za Bagamoyo yuko na hiyo, anaediti bila proxy (nakala nyepesi za klipu za kueditia) kabisa, na mimi nikipokea klipu zake natengeneza proxy kwanza huku namtukana kimoyomoyo.

Soketi nayo niliiangalia. AMD wamesema AM5 wataiendeleza mpaka 2027 na kuendelea, kwahiyo mazabodi ile ile niliyoitukana kuna siku nitabadilisha prosesa tu.

3600 nimemwachia mdogo wangu, anasomea IT chuo. Juzi kanipigia anauliza kama inaweza kuenkodi x265, nikamwambia inaweza, anze saa tano usiku.