Santuri ya Bhimsen Joshi niliyonunua Mji wa Kale

Mimi si Mhindi wala Kihindi sikijui, lakini nimelelewa nyumba ya taarabu, marehemu Juma Bhalo akipigwa asubuhi mpaka jioni na yale mahadhi yake ya kihindi, kwa hiyo Jumamosi nilipopita kile kiduka cha santuri kuukuu (hakina hata kibao, ulizia tu) nikamwambia mzee nataka mwimbaji wa kihindi lakini si wa filamu, mwimbaji hasa. Hakujibu. Akaingia ndani akatoka na santuri ya Bhimsen Joshi, akaipangusa kwa kitambaa kikavu akifuata mduara pole pole, akateremsha sindano, akanivutia kiti. Hapo ndo nawapa maksi zote, unasikiza kwanza ndo unalipa na hakuna wa kukuharakisha.

Sasa hiyo santuri jamani! Upande mzima raga moja tu (raga ndo mpangilio wa sauti anaoujengea mwimbaji wa kihindi), Malkauns, ya usiku wa manane, ina sauti tano na hizo tano zinamtosha. Anaanzia chini kifuani, neno moja analivuta, analizungusha, we unadhani pumzi zimeisha kumbe ndo kwanza anapanda, tabla inamfuata nyuma taratibu. Halafu mwendo ukichanganya anaziachia zile taan, sauti mfululizo kama shanga zilokatika uzi zikimwagika sakafuni, nilijikuta nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Mzee ndo alonihadithia kwamba Joshi alitoroka kwao Karnataka, kusini mwa India, ana miaka 11, kisa alisikia santuri ya mwimbaji Abdul Karim Khan, akadandia treni bila tikiti akitafuta mwalimu mpaka akafika Gwalior huko kaskazini, babake akaja kumpata baadaye, na mwisho akasomea kwa Sawai Gandharva si mbali na kwao. Mwaka 2008 akatangaziwa Bharat Ratna, India hakuna nishani ya raia iliyo juu ya hiyo. Mtoto kutolewa nyumbani na santuri, wallahi hilo limenikaa rohoni.

Upande wa pili una mkwaruzo, sindano yaruka mara mbili karibu na mwisho, ila mzee alinionyesha mwenyewe kabla sijalipa akanipunguzia, nikatoa 1,200. Kava limevimba kwa unyevu wa bahari.

Nendeni baada ya alasiri, asubuhi hufungua akitaka. Na mkiona nyingine ya Joshi rafu ya juu, ya raga za asubuhi, hiyo niachieni, nshaiwekea arubuni.