Hisa za miundombinu: zipi za gawio, zipi za kukua

Ukifungua orodha ya hisa za miundombinu na kuipanga kwa ukubwa wa gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa), zile za juu kabisa ndizo za kuogopa kwanza. Mimi huuliza mambo matatu kabla ya kuangalia asilimia: nani anapanga bei ya huduma, mkataba unaisha lini, na madeni yanaiva lini, yaani lini lazima yalipwe. Kwa maswali hayo nimezipanga hivi.

Ya kwanza kwa gawio: mitandao ya umeme, gesi na maji. Hakuna anayejenga gridi ya pili kushindana na iliyopo, kwa hiyo mdhibiti ndiye anayeamua kampuni itoze kiasi gani na ipate faida gani juu ya mtaji iliouweka. Kila laini mpya ikikubaliwa na mdhibiti huongeza mtaji huo, na faida hufuata. Ila laini hizo hujengwa kwa fedha, na fedha wakati mwingine hutoka kwako. Mei 2024 National Grid ya Uingereza iliwaomba wanahisa wake takriban pauni bilioni 7 kwa kuwauzia hisa mpya, na gawio la kila hisa likashushwa ili liendane na wingi wa hisa. Pia mdhibiti hazimi moto: PG&E ya California ilisimamisha gawio Desemba 2017, na Januari 2019 ikaomba ulinzi wa mufilisi kwa sababu ya madai ya moto wa nyika.

Ya pili: barabara za kulipia na mahandaki. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika, nami nimo. Niliwahi kununua hisa za kampuni moja ya barabara kwa sababu gawio lilikuwa nono, bila kusoma ukurasa wa mikataba. Chukua mfano wa kubuni: hisa ya 100, gawio la 8 kwa mwaka, na mkataba uliobakiza miaka 12 kabla barabara haijarudi serikalini. Zidisha: utapokea 96. Hujarudisha hata mtaji wako, na siku ya mwisho hisa haina kitu nyuma yake. Lile ulilodhani ni faida ni fedha yako mwenyewe ikirudishwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo tafuta mkataba mrefu na ushuru wa kupita unaofuata mfumuko wa bei. Transurban ya Australia ina barabara nyingi ambazo ushuru wake hupanda kwa utaratibu huo au kwa kiwango kilichopangwa. Getlink, inayoendesha handaki la reli kati ya Uingereza na Ufaransa, ina mkataba hadi 2086. Lakini kumbuka walioingia mwanzo: hisa ziliuzwa kwa umma 1987, handaki likafunguliwa 1994, gharama zikapita makadirio kwa mbali, na kufikia 2007, madeni yalipopangwa upya, wanahisa wa mwanzo walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya fedha zao. Handaki lenyewe ni zuri na linafanya kazi. Nunua kilichokwisha kujengwa. Uwaachie wengine kelele za ujenzi.

Ya tatu, na ya kwanza kwa kukua: minara ya simu. Mpangaji wa kwanza analipia mnara. Wa pili akija, anafunga antena zake kwenye chuma kilekile, na karibu kodi yake yote inabaki kwa mwenye mnara. Mikataba ni ya miaka mingi, yenye nyongeza ya kila mwaka. Hatari yake ni kampuni za simu kuungana: wapangaji wawili wakawa mmoja, antena moja inashuka. Na mwenye minara akitoka nje ya fani yake hulipia. Crown Castle ilitumia mabilioni kwenye nyaya za faiba, kisha 2025 ikaamua kuziuza, na gawio la mwaka likapunguzwa kutoka dola 6.26 hadi 4.25.

Ya nne: mabomba ya mafuta na gesi. Gawio kubwa, mikataba mizuri, madeni mazito. Desemba 2015 Kinder Morgan ya Marekani ilikata gawio la robo mwaka kutoka senti 51 hadi senti 12.5, ilhali gesi iliendelea kupita bombani kama kawaida. Fedha zilihitajika kwa miradi na madeni.

Ya tano: viwanja vya ndege. Vinakua abiria wakiongezeka. Mwaka 2020 ulionyesha upande wa pili.

Makandarasi sijawaweka kabisa. Wanaojenga daraja hawalimiliki. Wanaishi kwa zabuni zenye faida nyembamba, na Carillion ya Uingereza ilianguka Januari 2018 ikiwa na kazi tele mkononi.

Jambo moja linazigusa zote: riba. Benki kuu ya Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 Julai 2023, hati fungani, yaani mikopo ambayo wawekezaji huipa serikali au kampuni kwa riba, zikaanza kulipa vizuri na mvuto wa hisa za gawio ukapungua. Kwa hiyo katika ripoti ya mwaka, ruka picha za madaraja na barua ya mwenyekiti, nenda kwenye jedwali la madeni kwa mwaka wa kuiva. Ukiona fungu kubwa linaiva ndani ya miaka miwili, tena lilikopwa enzi za riba ndogo, pima gawio upya kwa riba ya leo kabla hujampigia dalali wako.