TAHADHARI: Kuna jamaa anauza kava za ekzosi za mashine ya boti zilizozibwa gamu, watu wa ziwani kuweni macho

Wakuu za majukumu. Naandika hii sasa hivi kabla mbalamwezi haijaisha, maana najua wiki hii matajiri wa dagaa wanahangaika na spea ili giza likiingia (zile siku zisizo na mwezi, ndo dagaa wanavuliwa) mashine ziwe majini, na huyu jamaa ndo msimu wake wa kula watu.

Ishu yenyewe ni kava za ekzosi (vifuniko vya njia ya moshi) za Yamaha 40, ile Enduro ambayo ndo imejaa huku kwetu. Kuna mtu anazitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya wavuvi, Mwanza, Ukerewe mpaka Sengerema, anasema ni mpya, orijino, mzigo uko Kariakoo unapanda basi leo kesho unao mkononi. Picha anazoweka nzuri kweli, kava imetulia kwenye boksi na gasketi zimefungwa kwenye nailoni, na bei yake ni kama nusu ya dukani. Kinachokuja ni kava kuukuu iliyoliwa, matundu yamezibwa kwa ile gamu ya chuma ya kuchanganya mbili, ikapigwa msasa, ikapuliziwa rangi ya kijivu.

Mimi ni fundi, nashinda Kirumba karibu na Mwaloni, na mashine zenye huo uchafu nimeshazifungua zaidi ya moja. Ya juzi ndo imenifanya nishike simu. Tajiri mmoja wa kisiwa cha Kome, mzee wa watu kabisa, mashine yake ilivuta gugu maji likaziba njia ya kunyonyea maji, vijana wanaona kabisa haitemi maji ila wakakomaa nayo hivyohivyo mpaka mwaloni kwao zinapoegeshwa boti, gasketi ya ekzosi ikaungua na kava ya ndani ikapinda. Hiyo ni kazi ya kawaida, kava mpya na gasketi zake mzee anarudi kazini. Sasa mwanae akaona kava ya dukani ghali, akaichukua kwa huyu jamaa, fundi wa kisiwani akaifunga, usiku wa kwanza tu wakiwa mbali mashine ikakata na upepo ushaanza, ikabidi wavutwe na boti ya wenzao. Kuja kuifungua silinda ya chini ina maji, plagi imeshaanza kutu, na gamu imebanduka kipande kizima kama gome la mti.

Kwa ambao hawajawahi kuona huko ndani kukoje. Moshi ukitoka kwenye silinda unapita kwenye mfereji ubavuni mwa bloku ndo unashuka mguuni kwenda kutokea kwenye propela. Huo mfereji umefunikwa na kava mbili, ya ndani na ya nje, na katikati yake yanapita maji ya kupoza. Yaani upande huu moto mkali, upande wa pili maji ya ziwa, na kinachovitenganisha ni hicho kibati cha aluminiamu na gasketi basi. Tundu la sindano linatosha kukuharibia. Mashine ikiwa inakimbia unaweza usione kitu chochote, ila ukiizima yale maji yanapata njia ya kurudi kwenye silinda, asubuhi unavuta kamba mpaka bega linauma. Ukichelewa, beringi za krenki zinashika kutu, na hapo hatuongelei tena kava, tunaongelea pawahedi nzima, yaani kichwa chote cha mashine. Gamu haiwezi hiyo shughuli hata iwe ya wapi, aluminiamu ikipata moto inatanuka ikipoa inarudi, gamu haiendi nayo sawa, lazima iachie tu.

Kilichoniudhi zaidi, jamaa anaapa kwamba ni mpya, lakini nilivyokwangua ile rangi chini yake kuna unga mweupe, ule wa aluminiamu iliyoliwa na chumvi. Ziwa letu ni maji baridi jamani! Huku kava zinakufa kwa kuchemka na kwa mchanga, sio kwa kuliwa namna ile. Hiyo imevuliwa kwenye mashine ya baharini iliyochoka ikapakwa poda ikaletwa kuuzwa kwa Wasukuma.

Najua kuna watu watakuja kusema mbona aluminiamu inachomelewa. Inachomelewa ndio, kwa agoni (kuchomelea kwa gesi ya argon) na fundi anayejua, ila ikishachomelewa inapinda, inabidi uilaze juu ya kioo chenye msasa uisugue mpaka uso unyooke, na mteja anaambiwa ukweli kwamba hii imechomelewa na analipa bei ya kuchomelewa. Huo ni ufundi. Kumuuzia mtu gamu kwa jina la mpya ni wizi, tusichanganye.

Ukiletewa kava anza na kitambaa chenye tina, ifute. Rangi ya kiwandani haitoki kirahisi, hii yake inakuja yote kwenye kitambaa na matundu unayaona. Halafu inyanyue juani au pitisha tochi kwa nyuma gizani, sehemu iliyotoboka mwanga unapita, na kama amepaka gamu nene pitisha sumaku taratibu, aluminiamu haishiki sumaku kabisa, sasa ikidaka katikati ya kava jiulize kimedaka nini, maana gamu nyingi za aina hiyo zina unga wa chuma. Sumaku isipodaka usiseme basi ni salama, zipo gamu zisizo na chuma. Angalia na ule uso unaokalia gasketi, ukiona mikwaruzo ya tupa achana nayo. Gasketi zake nazo ni vituko, zimekatwa kwa mkasi kwenye karatasi ngumu, matundu ya boluti hayalingani, ukilazimisha boluti inakata na kutoa boluti iliyokatikia kwenye bloku mnajua wenyewe ile kazi. Kuhusu boksi msidanganyike, boksi hata mimi ninalo la zamani. Soma namba ya spea kwenye lebo, kwa Enduro 40X vifaa vyake vingi namba inaanza na 66T, nenda nayo kwa muuza spea unayemwamini akuangalizie kwenye kitabu kama kweli ni kava ya ekzosi au ni lebo ya kitu kingine kabisa. Yule mzee boksi lake lilikuwa na lebo ya impela, ile ya kusukuma maji ya kupoza.

Kwenye hela sasa ndo kashika pabaya. Anataka utangulize zaidi ya nusu, mzigo ukifika stendi kijana wake anakwambia malizia kwanza ndo unapewa, hakuna kufungua. Umeshatanguliza laki na kitu, utaiacha? Unamalizia, unafungua nyumbani, unapiga simu haipatikani, WhatsApp umeshablokiwa. Namba ya kupokea hela ina jina tofauti kabisa na analojiita yeye, akiulizwa anasema ya shemeji. Ngosha, mtu mwenye duka halipwi kwa shemeji! Mwambie akupe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uone atakavyobadilisha mada. Na kama kakataa mzigo ufunguliwe palepale stendi, bora hiyo laki uiache kuliko kumwongezea.

Jina lake sitaji hapa maana analotumia nadhani sio lake na naweza kumchafua mtu mwingine bure. Mzee tumeshampeleka polisi kachukua RB (namba ya taarifa yake polisi), na ile namba ya simu tumeituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye 15040. Aliyepigwa afanye hivyohivyo, mkikaa kimya kila mtu na lake anaonekana kapigwa mtu mmoja. Atunze pia kava yenyewe, meseji na muamala wa hela, hata FCC (Tume ya Ushindani) watauliza hivyo ukipeleka habari ya bidhaa feki.

Na kama umeshaifunga na mashine inawaka vizuri tu, usitoke nayo kwanza. Iwashe mpaka ipate moto, izime, iache ilale. Asubuhi toa klipu ya usalama, fungua plagi zote mbili, vuta kamba taratibu huku umeweka kitambaa kwenye matundu. Kitambaa kikija na maji, vua kava siku hiyohiyo, mwagia silinda oili, usisubiri hela ya dagaa wa giza hili.

Mafundi wenzangu, kava mbovu mnazotoa zipigeni nyundo zivunjike kabla hazijaenda kwa wa chuma chakavu. Sio zote anazouza zimetoka baharini.