Kula Mahajanga: mishikaki ya ufukweni, kaa wa mikoko na saa za kuwahi

Nianze na hukumu yangu. Mahajanga, au Majunga kwa tahajia ya Kifaransa, chakula chake kitamu kiko barabarani. Mkahawa wenye vitambaa mezani uuendee kwa mambo mawili tu: kaa na kamba. Steki, supu na kuku wa mkahawani nimewaona wa kawaida tu, na bei yake inalipia zaidi feni na upepo wa bahari.

Mji uko kaskazini magharibi mwa Madagaska, kwenye mlango wa mto Betsiboka, na saa zake ni zile zile za Nairobi na Dar es Salaam. Wafaransa walishusha jeshi lao hapa mwaka 1895, na nchi ikapata uhuru 1960. Walichoacha mezani ni mkate mrefu, menyu ya Kifaransa na mazoea ya kufunga mchana. Hilo la mwisho ndilo linalowatesa wageni. Jikoni kwa kawaida wanapokea oda kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, kisha kuanzia saa moja usiku. Ukifika saa tisa alasiri na njaa yako, utaambulia soda na sambusa za asubuhi. Kwa hiyo hapa panga tumbo kwa saa.

Asubuhi tafuta mokary. Mtu wa pwani yetu hatahitaji kuelezwa: mchele ulioloweshwa na kusagwa, tui la nazi, sukari na hamira, vinapikwa kwenye chuma chenye vishimo juu ya mkaa. Ni vitumbua. Kinachotofautisha fundi na mbahatishaji ni moto. Mkaa ukiwa mkali, ngozi inaungua huku ndani bado uji. Bonyeza kimoja kwa kidole: kikirudi juu kimeiva, kikibaki na shimo mwachie mwenyewe. Harufu ya uchachu mkali maana yake unga umelala zaidi ya usiku mmoja, na kwa joto la mji huu hilo halichukui muda. Asiyependa tamu ale khimo, nyama ya kusaga yenye viungo waliyokuja nayo Wahindi, ndani ya mkate. Ila ule mapema, maana mkate ule ikifika adhuhuri unavutika kama raba.

Mchana ni zamu ya hotely, vibanda vya wali ambavyo kwetu tungeviita vya mama ntilie. Usisome ubao, fungua macho uangalie masufuria. Wali unajazwa sahani hadi unatisha, na kitoweo, wanachokiita laoka, huja kidogo pembeni. Fika kabla ya saa saba, kwa sababu kizuri ndicho kinachoisha kwanza. Vitatu vya kuulizia: kabaro, yaani maharage bapa meupe yaliyopikwa kwa nazi, romazava, mchuzi mwepesi wa nyama na majani, na ravitoto, ambayo ni kisamvu cha kutwangwa.

Kila kimoja kina tahadhari yake. Kabaro lazima iwe imeiva mpaka inasagika kwa ulimi, kwani maharage ya aina hii yakiwa mabichi yana sumu. Ukikuta punje inakatika kwa mlio, iache. Romazava ina majani yanayoitwa brèdes mafana, na maua yake yanafanya ulimi ufe ganzi na mate yajae kwa dakika kadhaa. Si mzio, wala hujalishwa kitu. Ndivyo yalivyo, na mimi ndicho ninachokipendea. Ravitoto ndiyo ya kuangalia sana, hasa kwa Waislamu: mapishi yake ya kawaida nchini humo ni pamoja na nyama ya nguruwe, na ikishachemka huwezi kuitambua kwa macho. Sema neno moja, “kisoa?”, huku ukionyesha sufuria. Kisoa ni nguruwe, omby ni ng'ombe, akoho ni kuku. Mahajanga ina Waislamu wengi, wenye asili ya Komoro na ya India, hivyo ravitoto ya nazi au ya ng'ombe ipo, na kwa muuzaji Mwislamu swali lenyewe halina haja.

Kinywaji cha kushushia ni ranovola. Wali ukishapakuliwa, maji yanamiminwa juu ya ukoko uliobaki sufuriani na kuchemshwa. Yana rangi ya chai na ladha ya moshi. Kwa mgeni ni salama kuliko maji ya jagi, mradi yamechemka kweli na hayakupozwa kwa barafu. Barafu yenyewe mimi siigusi mtaani.

Jioni ndiyo sababu ya safari. Kuanzia saa kumi na moja na nusu, majiko ya mkaa yanawashwa kwenye barabara ya ufukweni, ile yenye mbuyu mkubwa unaojulikana na kila dereva wa bajaji. Mwambie “Bord”, yaani ufukweni, inatosha. Jua linazama upande wa bahari, moshi unatanda, na mji mzima unakuja kukaa kwenye mabenchi. Kinachouzwa ni masikita: mishikaki midogo kabisa ya ng'ombe wa nundu, vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba kwenye kijiti chembamba, na katikati kipande cha mafuta. Usimwambie atoe mafuta hayo. Nyama ya ng'ombe huyu yenyewe ni kavu, na bila kipande hicho inakauka kabla hujamaliza kuagiza. Mtu mzima mwenye njaa ahesabu kumi hadi kumi na tano, pamoja na muhogo wa kukaanga.

Agiza mitano mitano. Muuzaji mwenye wateja wengi hubanika nusu mapema kisha anapasha, na nyama iliyopashwa ni ngumu kama kamba ya kufungia mbuzi. Onyesha ile mibichi, ipangwe motoni mbele yako. Vijiti vilivyoliwa viache sahani, ndivyo vitakavyomaliza ubishi wa hesabu. Achari ya embe bichi, yenye manjano na siki, ndiyo inayobeba mlo huu, kula bila hofu. Sakay, pilipili yao, anza na ncha ya kijiko. Kitu ninachokikwepa pale ni composé, saladi ya makaroni na mayonezi iliyokaa mezani tangu alasiri.

Bei kwanza, kula baadaye, na uliza ni ariary, pesa ya sasa, au faranga, ile ya zamani. Faranga iliondolewa mwaka 2005, lakini wapo wauzaji wanaohesabu nayo mpaka leo, na ariary moja ni faranga tano. Ukiambiwa elfu kumi ya faranga, unachodaiwa ni ariary elfu mbili. Beba noti ndogo, mtaani chenji ni shida na kadi haina kazi.

Sasa mkahawani. Kaa wa hapa ni wa mikoko ya ghuba ya Bombetoka, mkubwa na mwenye magando mazito. Omba umwone akiwa hai. Mnyanyue: awe mzito kuliko anavyoonekana, na ganda la tumbo lisibonyee. Akiwa mwepesi au ganda likibonyea, ametoka kujivua gamba karibuni na ndani ni maji. Wa nazi na tangawizi ni mzuri, ila mimi naagiza wa pilipili manga za kijani, mbichi na shada lake. Oda hiyo ni dakika arobaini au zaidi. Akiletwa baada ya kumi alikuwa amepikwa zamani. Kamba waagize na vichwa, kwani kichwa cheusi au kinacholegea kinakwambia habari zote. Uvuvi wa kamba hufungwa kwa msimu, na miezi hiyo wengi hutoka kwenye friza, basi uliza.

Papa na kasa usile, hata ukikaribishwa bure. Nyama zake zimewahi kuua watu nchini humo, na kasa analindwa na sheria.

Lugha si kikwazo kikubwa. Ndugu zetu wa Kongo wataisoma menyu bila shida. Wengine wakumbuke kwamba “entrée” ni chakula cha kuanzia, si mlo wenyewe. Na ukiiona godrogodro, keki nzito ya mchele, nazi na viungo wanayoijua pia Wakomoro, nunua kipande cha pembeni, kilichoshika rangi ya sukari ya kuungua. Cha katikati mara nyingi hakijaiva.