Nilivyofutiwa CRB madeni ambayo sikukopa: uzoefu wangu

Mwaka jana niliomba mkopo kwenye sacco yetu hapa Nakuru, ninunue cherehani ya ovaloki. Nimeweka akiba pale miaka sita bila kuruka mwezi. Afisa wa mikopo akatazama kompyuta, akanitazama mimi, kisha akashusha sauti ili waliokuwa kwenye foleni wasisikie: "Mama, jina lako liko CRB." CRB ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo hapa Kenya, na wakopeshaji huziangalia kabla ya kukupa hela. Mikopo miwili ya simu, Sh4,500 na Sh7,200, yote haijalipwa. Programu iliyotoa mikopo hiyo sijawahi kuiweka kwenye simu yangu.

Naandika kwa sababu nilipotafuta msaada nilipotoshwa sana, na watu walionipotosha walikuwa wananitakia mema. Shemeji yangu alinipigia usiku huo huo. "Shemeji, elfu kumi na moja na mia saba isikukoseshe usingizi. Lipa yaishe." Nilikaribia kabisa kulipa. Bahati nzuri niliuliza kwanza. Deni lililokushinda ukalilipa baadaye halifutiki siku hiyo; linabaki kwenye kumbukumbu zako miaka mitano, likionyesha kwamba uliwahi kushindwa. Kulipa kungekuwa sawa na kukiri kwamba nilikopa. Hata cheti cha CRB, kile ambacho watu hukimbilia wakitafuta kazi, hakitibu jambo hili. Chenyewe kinaeleza tu kumbukumbu zako zinasemaje.

Nilianza na ripoti. Sheria inakupa ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kila CRB yenye leseni ya Benki Kuu, na wakati huo zilikuwa tatu. Niliomba zote tatu, na ninakushauri ufanye hivyo hata kama hujawahi kuibiwa chochote. Kwenye ripoti ya kwanza nikaona jina langu, nambari ya kitambulisho changu, na chini yake nambari ya simu nisiyoijua. Nikapiga *106#, ile ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikaja laini tatu. Mbili zangu. Ya tatu ndiyo ile ya kwenye ripoti.

Hapo nikakumbuka pochi yangu iliyoibwa ndani ya matatu nikitoka Naivasha.

Siku ile nilikwenda polisi kwa sababu moja tu: ili nipate kitambulisho kingine nilihitaji abstrakti, karatasi ya polisi ya kuonyesha kwamba umeripoti kuibiwa. Karatasi hiyo nilikuwa nimeikunja mara nne ndani ya daftari la vipimo vya wateja. Muhuri wa kituo ulikuwa umefifia, lakini nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na tarehe vilisomeka: 9 Machi. Kwenye duka la kampuni ya simu nilirudi mara tatu kabla hawajakubali kuifunga ile laini na kuniandikia barua ya lini ilisajiliwa. 2 Aprili. Nilisimama pale mlangoni nikiwa nimeshika karatasi mbili, moja kila mkono, nikalia. Kitambulisho kilikuwa kimeripotiwa kuibwa zaidi ya wiki tatu kabla ya laini kusajiliwa. Kila kitu nilichopata baadaye kilitokana na tarehe hizo mbili.

Sasa huduma yenyewe ya kupinga deni. Ni ya bure, na waliopokea simu walikuwa na adabu na subira. Kasoro yake ni kubwa lakini. Ukitaka kuwasilisha malalamiko kwa mtandao, msimbo wa kuthibitisha kwamba ni wewe unatumwa kwa nambari iliyo kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu zangu zilikuwa na nambari ya mwizi! Yaani mtu aliyeibiwa jina ndiye anayefungiwa mlango. Ilinibidi nipande gari mpaka Nairobi, nijaze fomu kwa mkono na kuacha nakala za abstrakti, ya ile barua na ya kitambulisho kipya. Hilo wanapaswa kulirekebisha.

Jambo lingine usilolijua linaweza kukupotezea wiki nyingi: CRB haifuti deni kwa uamuzi wake. Inamwandikia mkopeshaji, mkopeshaji anajibu, na wakati huo deni linawekewa alama kwamba linapingwa. Kwa hiyo usiishie CRB. Mwandikie mkopeshaji mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa barua pepe, ubaki na ushahidi wa tarehe.

Jibu la kwanza la mkopeshaji lilikuwa kwamba nambari ya kitambulisho inalingana, kwa hiyo deni ni langu. Bila shaka inalingana. Kilichoibwa ni kitambulisho changu. Nilipouliza kuhusu ilani ya siku 30 wanayotakiwa kumpa mteja kabla ya kupeleka jina lake CRB, wakasema waliituma. Waliituma kweli, kwa simu ya mwizi. Hilo liliniuma kuliko hela. Kwa miezi yote hiyo walikuwa wanazungumza na mtu mwingine wakimwita kwa jina langu.

Barua yangu ya pili sikubembeleza. Niliomba mambo matatu: picha iliyotumika kufungua akaunti, nambari ya simu iliyopokea pesa, na tarehe ya kila mkopo. Nikataja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayonipa haki ya kuona taarifa zangu na kutaka zisahihishwe. Nakala nikapeleka Benki Kuu na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Picha sikuonyeshwa mpaka leo. Lakini siku ya nane ilikuja barua ya sentensi moja: mikopo yote miwili imeondolewa kwenye jina langu.

CRB mbili zilifuta ndani ya wiki moja. Ya tatu ilikuwa bado inaonyesha Sh7,200 nilipoangalia tena baada ya mwezi, kwa hiyo usiamini barua mpaka uone ripoti mpya kwa macho yako. Niliwapelekea nakala ya barua ile ile, wakafuta siku nne baadaye. Tangu pochi kuibwa hadi kumaliza, miezi minane. Tangu nijue, kama miezi mitatu, nauli mbili za Nairobi na karatasi nyingi za kutoa nakala.

Sacco walinipa mkopo wiki iliyofuata. Abstrakti bado ninayo, sasa iko ndani ya plastiki.