Nilivyoonja kahawa chungu Mji wa Kale nikiwa na miaka 43

Nimezaliwa Likoni, Mombasa, nimekulia Likoni, na kahawa kwetu ilikuwa ya baba. Asubuhi sisi tulikunywa chai ya maziwa, jioni chai ya rangi, naye akishaswali alasiri alitoka kwenda kuinywa kahawa yake nje na wenzake. Aliyelelewa pwani hii anajua ninachosema. Mwenye dele, lile birika la kahawa, anapita akigonganisha vikombe, wazee wameketi barazani, na mwanamke anasalimu, anaitikiwa, anakwenda zake. Hakuna aliyenikataza. Ila haikunipitikia hata siku moja kwamba naweza kusimama nikaagiza.

Ofisi yetu iko barabara ya Nkrumah. Nikitoka kazini hukata kwenda Posta, nikapanda matatu ya Feri. Alhamisi iliyopita nilitoka mapema, miguu ikanipeleka upande wa pili, nikapita mbele ya Ngome, nikaingia Ndia Kuu. Nimeishi mji huu miaka yote hiyo, na mara nyingi nilizoingia vichochoro hivi nilikuwa na shughuli: harusi, matanga, au kufuata nguo kwa fundi. Kuja kwa ajili ya nafsi yangu tu, hii ilikuwa mara ya kwanza.

Mkahawa ninaousifu hapa ni mdogo, hauna bango la kuonekana mbali. Mimi nilifuata harufu ya buni zikikaangwa. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake ya boriti, na ukiingia tu jasho linakauka, maana kuta zile nene haziruhusu joto kupita. Meza ni nne. Pembeni pametandikwa mkeka na mito kwa anayetaka kukaa chini.

Kijana wa zamu alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba mwanangu. Niko peke yangu."

"Basi keti hapa dirishani, pana upepo."

Nilimwambia ukweli kwamba sijawahi kunywa kahawa chungu. Hakucheka, wala hakunihimiza nichukue kitu cha maziwa na sukari. Aliniletea dele lenyewe mezani nilione. Ni birika la shaba linalong'aa kwa kusuguliwa, limechongoka juu, na chini yake pana jiko dogo la makaa ili kahawa isipoe. Akanieleza kwamba buni zake hukaangwa mpaka ziwe nyeusi kabisa, zikatwangwa, kisha zikachemshwa pamoja na tangawizi kwa muda mrefu. Iliki hutiwa kidogo, karibu na mwisho. Sukari haiingii humo hata chembe. Utamu wake uko kwenye sahani: vipande viwili vya kashata ya njugu.

"Usiinywe kwa pupa, mama. Mega kashata kwanza, iache ulimini, ndipo upige funda."

Nilifanya hivyo. Finjani haina mkono, kwa hiyo unaishika ukingoni kwa vidole viwili, na joto lake linakulazimisha utulie. Funda la kwanza lilikuwa chungu kweli, uchungu unaokamata nyuma ya ulimi. Halafu kashata ikaanza kuyeyuka, tangawizi ikashuka kooni, na ule uchungu ukageuka kuwa kitu ninachokitafuta tena. Nilimkumbuka baba. Hii ndiyo harufu aliyokuwa akirudi nayo nyumbani, nami siku zote nilidhani ni ya kanzu yake.

Nilipomaliza finjani ya tatu kijana akaniuliza kama niko tayari kuonja ya namna nyingine, ya Nyeri, ya kuchujwa. Unga wa kahawa hiyo huwekwa ndani ya karatasi, maji ya moto yakamiminwa juu yake polepole kwa mzunguko, ikadondoka kwenye gilasi ikiwa na rangi ya chai kali. Buni zake hazikaangwi sana, ndiyo maana uchachu wake unabaki. Na uchachu huo niliutambua mara moja: zambarau! Zambarau iliyoiva vizuri, ile inayoacha ulimi na rangi. Kahawa kama hii hushuka kutoka milimani ikapakiwa melini hapa Kilindini, navuka feri kando yake kila siku, na ladha yake naijua leo.

Kijana huyu kwao ni Taita. Aliniambia kwa fahari kwamba mwaka 1893 wamisionari wa Kifaransa walipanda kahawa Bura, huko huko kwao, kabla ya Nyeri kujulikana kwa kahawa. Nilipenda kwamba ana la kusema juu ya anachouza.

Sasa yasiyonipendeza. Stima ilipotea nikiwa nimekaa robo saa hivi, feni ikasimama, na hawakuwa na namna nyingine ya kuwasha taa kule nyuma. Ngazi ya kwenda chooni ni ya mbao na imesimama wima. Mama yangu mwenye magoti mabovu singemruhusu aipande. Mahamri yalikuwa yamekwisha na ilikuwa bado saa kumi. Halafu bei ya kahawa ya kuchujwa haikuandikwa popote, nikaijua wakati wa kulipa: shilingi 300. Kahawa chungu na kashata ni shilingi 100. Ya dele ni halali yake. Hiyo nyingine nitainywa mwisho wa mwezi, na wangeandika bei ukutani mteja angeamua akiwa na amani.

Lakini nitarudi, na sababu kubwa ni kile kiti cha dirishani. Nilikaa saa nzima bila mtu kuniuliza namngoja nani. Kwenye meza ya jirani walikuwa mabinti wawili wa chuo na daftari zao, wanakunywa kahawa chungu kama waliozaliwa nayo. Mimi umri wao nisingethubutu, na niliwafurahia kwa moyo wote.

Nilitoka jua likielekea kuzama. Pale kona, mzee mwenye dele alikuwa ameweka mzigo wake chini, wazee watatu wako barazani na finjani zao. Nikasalimu. Safari hii sikupita.

"Nitilie na mimi, baba."

Alinitazama kidogo, akasuuza finjani, akatia. Mmoja wa wale wazee akasogea, akaipangusa baraza kwa kiganja.

"Keti, mwanangu. Kahawa hainywewi kwa kusimama."

Shilingi 20. Tangawizi yake ilikuwa kali kuliko ya mkahawani.