Spika ya kati: niliipima kutoka kochi la pembeni

Sebule nyingi za kwetu hazikupangwa kwa ajili ya sinema. Kochi la watu watatu linatazamana na TV, la wawili limeegemea ukuta wa kulia, na yale ya mtu mmoja yako kushoto karibu na mlango. Wageni wakija wanajaa kuta zote tatu. Ushauri mwingi kuhusu spika ya kati, ile inayowekwa karibu na TV katikati ya zile mbili za mbele, humfikiria mtu aliyekaa katikati, na kusema kweli huyo ndiye anayeihitaji kidogo kuliko wote. Akiwa na spika mbili tu za mbele, sauti inayotoka sawasawa kushoto na kulia ataisikia kama inatoka kwenye kioo. Mwenye shida ni wa kochi la kulia. Spika ya upande wake iko karibu, inamfikia mapema na kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mtangazaji wa mpira anaongelea ukutani wakati mpira uko kwenye TV.

Kwangu kochi hilo ni la mama. Akija analipenda kwa sababu linapata upepo wa feni vizuri. Halafu: "Mwanangu, ongeza, sisikii wanachosema." Naongeza, inaingia sehemu ya bunduki, watoto wanaamka. Filamu iliyochanganywa kwa 5.1, yaani chaneli tano za sauti na moja ya besi, huweka sehemu kubwa ya maneno kwenye chaneli ya kati. Ukiwa na spika ya kati unaweza kupandisha hiyo peke yake na kuacha mabomu yalivyo.

Nilichokuwa nacho tayari: spika ndogo mbili za mbele aina ya Polk T15 alizoniletea shemeji kutoka Marekani, amplifaya ya Yamaha ya 5.1, sabufa (spika ya besi), na TV ya inchi 55 iliyofungwa ukutani juu ya kabati.

Kabla ya kutoa hela niliazima spika ya kati kwa jirani. Ilikuwa ya umbo lile linalouzwa kila mahali: boksi refu linalolala, wufa mbili (koni za sauti nzito na za kati) na twita (ya sauti nyembamba) katikati yake. Nikiwa kochi la mbele nilifurahi. Maneno yalikaa kwenye kioo na herufi "s" zilisikika vizuri. Nikahamia kochi la mama, sauti ile ile ikawa nyembamba, kama mtu amefunika mdomo kwa kanga.

Sikuilaumu spika ya jirani, maana ni tabia ya umbo lenyewe. Wufa zile mbili zinatoa sauti moja kwa wakati mmoja. Ukiwa katikati, zote ziko umbali sawa na sikio lako. Ukisogea pembeni, moja inakuwa karibu kuliko nyingine. Chukua wufa zilizoachana sentimita 30, nawe umekaa nyuzi 35 kutoka katikati: tofauti ya umbali inafika kama sentimita 17. Wimbi la sauti ya hezi 1,000 lina urefu wa karibu sentimita 34, kwa hiyo moja linakufikia likipanda wakati jingine linashuka, na yanauana. Hezi 1,000 imo ndani kabisa ya eneo la maneno ya binadamu. Boksi hulazwa ili lienee chini ya TV, basi. Zipo zilizotatua jambo hili kwa kuweka spika ndogo ya sauti za kati chini ya twita, au kama KEF wanavyofanya kwenye Uni-Q, twita ikakaa katikati ya koni yenyewe. Ni nzuri, ila bei yake ilinifanya nirudi nyumbani kuangalia kabati.

Nilichofanya ni kununua jozi nyingine ya T15 na kusimamisha moja wima chini ya TV. Inawezekana kwa sababu ni fupi, kama sentimita 27 kwenda juu, na TV yangu imeacha nafasi ya kutosha. Ikisimama wima, wufa moja na twita moja zimepangana juu na chini, kwa hiyo anayesogea kushoto au kulia habadilishiwi umbali kati yao.

Faida ya pili sikuitarajia kuwa kubwa hivi. Amplifaya ina sauti ya majaribio, ule mvumo wa "shhhh" unaohama kutoka spika moja hadi nyingine. Kwa spika ya jirani, mvumo ulibadilika rangi ulipofika katikati. Kwa T15 tatu ni mvumo mmoja unaotembea. Kwenye filamu, gari likikatiza kioo linabaki gari lile lile mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kama huwezi kupata tatu zinazofanana, tafuta angalau ya kati ya kampuni na toleo moja na zako za mbele.

Mahali pa kuiweka ndipo nilipotumia muda mwingi. Ndani ya rafu ya kabati sauti ilivimba, kila mwanaume akawa na mafua. Juu ya kabati ilikuwa nafuu, lakini nilipoisukuma hadi ukutani, ubao mpana uliobaki mbele yake ulirudisha sauti juu na maneno yakafifia. Nikaivuta mpaka uso wake ukalingana kabisa na ukingo wa kabati. Hapo tofauti ilisikika bila kubishana. Kisha nikakata ndala kuukuu vipande vidogo: viwili vinene mbele, viwili vyembamba nyuma, ili spika iangalie juu kidogo, twita ilenge masikio ya aliyekaa. Raba hiyo pia imezuia kabati kutetemeka. Chungulia kwa nyuma, jicho likiwa usawa wa paa la spika. Ukiona vifua vya waliokaa, ongeza kipande.

Kwa mipangilio, maikrofoni ya YPAO, mfumo wa Yamaha wa kupima chumba, iliyokuja na amplifaya ilipima umbali na viwango, nami nikahakiki umbali kwa futi kamba. Krosova, yaani mpaka wa kugawana sauti, nimeiweka hezi 80, chini ya hapo kazi ni ya sabufa. Baadaye nilipandisha ya kati desibeli 2 juu ya ilichopanga mashine, kwa sababu feni ikiwa namba tano hakuna mashine inayojua. Zulia kubwa juu ya vigae lilisaidia kuliko desibeli hizo, na hilo fundi wa spika hakuambii kwa kuwa hauzi mazulia.

Mambo mawili yanaweza kukufanya udhani spika ni mbovu. La kwanza, kingʼamuzi kikitoa sauti ya stereo (chaneli mbili) na amplifaya iko kwenye "Straight", yaani inapitisha sauti kama ilivyokuja, spika ya kati inanyamaza kimya. Lazima uchague mtindo unaosambaza stereo kwenye spika zote. La pili, kama sauti inatoka TV kwenda amplifaya kwa HDMI ARC, angalia menyu ya sauti ya TV. Ikiwa PCM, kinachopita ni chaneli mbili tu, hata filamu iwe ya 5.1. Iweke Bitstream au Auto.

Kasoro zipo. T15 zinauzwa mbili mbili, kwa hiyo moja imebaki kwenye boksi juu ya kabati la nguo na mke wangu ana maswali kuhusu hela hiyo. Sura pia si ya kifahari: kiboksi kinachosimama katikati kinawashangaza wageni. Na TV yako ikiwa imesimama kwa miguu yake juu ya meza, njia hii haikufai, spika wima itaziba kioo na lile jicho la rimoti. Hapo nunua ya kulala, iliyo fupi, halafu sogeza kochi la pembeni lielekee katikati kadiri chumba kinavyoruhusu. Na kwa chumba kidogo ambacho wote mnakaa kochi moja, usijisumbue kabisa na spika ya kati. Hizo mbili za mbele zikipangwa vizuri zinatosha.